Paka wa Mkunguni: shajara ya mradi wa mtaa, Lamu

Aprili, baada ya Idi

Tulikubaliana mfungo uishe kwanza, ndipo tuanze kazi yetu ya kuwahesabu na kuwafunga kizazi paka wa mtaa. Ramadhani mji hulala mchana ukakesha usiku, chakula hutoka saa zisizo zake, na paka nao hugeuza zamu. Kuwahesabu wakati ule ni kujidanganya. Idi imepita, mambo yamerudi mahali pake, tumeanza.

Eneo letu tumelifanya dogo makusudi: soko la ubavuni mwa Ngome, uwanja wa Mkunguni, na vichochoro vinavyopanda kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji. Mtaa wa Langoni hatuugusi kwa sasa, kijiji cha Shela vilevile. Kuna aliyetaka tufanye mji mzima kwa pamoja. Mji mzima ni kazi ya watu wenye mashua yao, daktari wao na mfuko wao. Sisi ni majirani tu, pamoja na muuza samaki mmoja, vijana wa mashua, na daktari wa mifugo aliyekubali kuvuka kutoka Mokowe, upande wa bara, siku tutakazokuwa tayari.

Tunahesabu mara mbili kwa siku, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya magharibi, simu mkononi. Kila paka anapigwa picha ubavu wa kulia na wa kushoto, maana mwenye doa kulia huenda kushoto hana, na ukichukua upande mmoja utamwandika mara mbili. Jinsia ya paka asiyeshikika si rahisi kuijua, ila rangi inasaidia. Mwenye rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na ya chungwa, karibu kila mara ni jike. Wa chungwa tupu mara nyingi ni dume. Na shume, yaani dume mkubwa asiyehasiwa, humkosi: mashavu yamejaa, shingo nene, masikio yamechanika kwa ugomvi, na anapopita wengine wanahama njia.

Kwa watakaoingia katikati, kazi yenyewe ni hii. Paka anakamatwa kwa mtego usiomuumiza, jike anafungwa kizazi na dume anahasiwa, anachanjwa kichaa cha mbwa, anakatwa ncha ndogo ya sikio la kushoto akiwa bado usingizini ili ajulikane kwa mbali, kisha anarudishwa palepale alipokamatwa. Watu hukubali yote mpaka hapo pa kumrudisha, ndipo uso hubadilika. "Si mwapeleke mbali?" Mbali ni wapi kwenye kisiwa? Na hata tungekuwa na mahali, meza za samaki zitabaki, jaa litabaki, na penye chakula hapakai bure. Watakuja wengine ambao hawajafungwa. Aliyefungwa akibaki, anakula sehemu yake, anafukuza wageni, anakamata panya, hazai. Huo ndio mpango wote.

Aprili, barazani

Tulijua swali litakuja, nalo lilikuja kabla kahawa haijamiminwa. Mzee mmoja, kwa sauti ya taratibu: "Wanangu, Mngu kaumba, nyinyi mwakata. Mumeuliza?"

Tulikuwa tumeuliza. Ustadh alikuwa ameketi nasi, na hakutupamba. Alianza na lililo zito kwetu: katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameandika kwamba mnyama asiyeliwa hahasiwi. Akalinyamazia kidogo watu walisikie. Kisha akasema wako wanavyuoni wa Kihanafi walioruhusu kumhasi paka pakiwa na manufaa au madhara ya kuondoa, na wako wa zama zetu waliojuzisha pale paka wanapozidi na kuudhi, kwa sharti asiteswe wala asiangamizwe. "Sasa semeni madhara ni yapi," akamgeukia muuza samaki wetu.

Huyu hakuhutubu. Alieleza vitoto anavyovikuta mferejini asubuhi, macho yamezibwa na usaha, vingine bado vinalia. Akaeleza majike wanaonyonyesha huku wana mimba nyingine. Hapa petu, nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, mchana haufupiki wa kutosha kumpumzisha jike kama kule kwenye nchi za baridi. Hushika mimba mwaka mzima, hubeba siku 63 hadi 65, na binti yake huanza naye akiwa hata nusu mwaka hajafikisha.

Ustadh akakumbusha hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mzee yule akatikisa kichwa. "Basi mitego yenu isiwakalishe na ndaa." Hapo ikabidi tuseme kweli: paka mkubwa hapewi chakula usiku wa kuamkia operesheni, asije akatapika akiwa usingizini na kupaliwa. Akafikiri. "Hata mtu hospitali hufungishwa," akasema, akachukua kikombe chake.

Hatukutoka na kauli moja. Wapo walioondoka hawajaridhika, na nyumba zao tumezitia alama kwenye ramani. Paka wa mlangoni kwao hatumgusi bila ruhusa.

Mei

Mvua, na kusi limeanza. Mitego imechelewa, ilishuka kutoka kwenye basi la Mombasa pale Mokowe, ikasubiri bahari itulie. Hatukukaa bure. Mwezi huu umekuwa wa walishaji, na nikiulizwa leo mradi huu unasimama juu ya nini, nitasema juu yao.

Kila mradi wa paka niliousikia huanza kwa kuwagombeza wanaolisha. Mabango, matangazo, "usiwape chakula". Mimi naona ni kukata tawi ulilokalia. Chukua bibi mmoja wa kichochoro cha nyuma ya soko. Kila alasiri huketi kwenye daka, baraza ya mlangoni mwa nyumba yake, na sinia la vichwa vya samaki tasi na mchele wa ukoko. Paka wanajua muadhini akimaliza anayefuata ni bibi. Tulipofungua simu kumuonyesha picha, alitusahihisha. Huyu na huyu ni mtu na nduguye. Huyu ni mjukuu wa yule. Huyu mmemuandika dume, ni jike, kazaa juzi kwenye magunia ya mkaa. Wiki kadhaa za kupita asubuhi na jioni, na bado yeye anaijua hesabu kuliko sisi.

"Bibi, siku ya mtego tunaomba usiwalishe."

"Niwaambie nini wakija?"

Hatukuwa na jibu. Tukamuomba basi mengine: alishe palepale, saa ileile, na sinia aliondoe kila mtu akishashiba badala ya kuliacha mpaka usiku likawaita kunguru na panya. Hilo alilikubali mara moja, kwani kunguru amechoka nao. La kuwanyima alilikubali siku ya tatu, kwa masharti yake. "Mchukueni yule wa rangi tatu, kama mnamuonea huruma kweli, tumbo halijapata kupumzika. Huyu wa kijivu muacheni, ana kikohozi." Daktari baadaye alisema vilevile: mwenye mafua makali hapewi dawa ya usingizi.

Jambo la pili la Mei sikulitarajia. Hesabu ya sokoni imepanda, na majike walioandikwa wana vitoto wachache mno kueleza ongezeko hilo. Tukatazama picha. Wageni wa sokoni ni paka wakubwa, wanene, wasioogopa mtu, na wengi tuliwaona mwezi uliopita kwenye baraza za nyumba za wageni. Msimu wa watalii umeisha, nyumba zimefungwa mpaka Julai, wahudumu wamekwenda kwao. Mgeni alikuwa anampa paka kamba wa kukaanga huku mwongozaji akimsimulia kwamba paka hawa wembamba wa miguu mirefu walitoka Misri ya mafirauni. Hadithi hiyo inauzika sana ufukweni, ushahidi wake sijauona. Mgeni amepanda ndege, paka wa firauni ameshuka sokoni kugombea matumbo ya samaki.

Kwa hiyo ukihesabu Mei utadhani paka wamezaana, ukihesabu Desemba utadhani wamepungua. Hakuna kilichotokea ila chakula kuhama. Tumeamua hesabu ya kulinganisha ifanywe mwezi uleule kila mwaka.

Juni, Idi ya kuchinja

Mitego imefika na hakuna aliyeingia. Mji mzima umechinja. Nani aingie kwenye kisanduku cha waya kwa ajili ya dagaa wa kopo wakati kila mlango una mfupa? Tumeifungia stoo mpaka nyama iishe.

Juni, mwisho wa mwezi

Sasa kusi lenyewe. Mashua ndogo hazitoki, meza za samaki zina nafasi, na kilichopo kinauzwa mpaka kichwa. Muuza samaki wetu analalamika, nasi tunajua ndio wakati wetu. Paka mwenye njaa hana maringo.

Mtego unawekwa ukutani, si katikati ya njia, kwa sababu paka hutembea akigusa ukuta. Chini tunatandika gazeti ili waya usimkere kucha. Mafuta ya dagaa yanatiwa matone kutoka mlangoni hadi nyuma kabisa, na dagaa wenyewe wanawekwa ng'ambo ya kibao cha kukanyaga. Ukiwaweka mbele ya kibao utawalisha tu. Mlango ukishuka, mtu yuko tayari na kanga: funika papo hapo. Paka aliyefunikwa hutulia kwa pumzi chache. Asiyefunikwa hujipiga waya mpaka pua itoke damu.

Jike wa rangi tatu alimuona mwenzake akinaswa, akajifunza. Alikaa juu ya ukuta wa matumbawe siku nzima akiutazama mtego kama mzee anayetazama vijana wakicheza bao vibaya. Kwake yeye tulitumia kreti ya samaki iliyogeuzwa, ikaegemezwa kijiti, kijiti kikafungwa kamba ndefu hadi kwenye daka la bibi. Bibi ndiye aliyevuta kamba. Alikataa katakata mwingine aivute: "Nyinyi mna haraka." Alingoja jike aingize mwili wote na mkia, ale kidogo, ainamishe kichwa mara ya pili, ndipo akavuta.

Julai, siku za daktari

Chumba ni cha chini katika nyumba ya jirani, sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa dawa, meza mbili, taa ya betri kwa sababu ya umeme. Punda wa Lamu wana hospitali yao tangu 1987, watu hapa wamezoea kuona mnyama akitibiwa kama mtu, na hilo limetuondolea maswali mengi mlangoni.

Daktari huwafunga majike kizazi kwa kuwakata ubavuni badala ya katikati ya tumbo. Nilimuuliza kwa nini. Paka wa mtaa harudi kuonyesha kidonda, akasema. Cha ubavuni utakiona akiwa juu ya ukuta, cha tumboni hutakiona mpaka kioze. Na kwa anayenyonyesha, kisu hakipiti kwenye chuchu. Nyuzi ni za kuyeyuka zenyewe. Dume ni kazi ya dakika chache na hata uzi hahitaji.

Kazi yetu sisi tusio madaktari ni kabla na baada. Mmoja anapima uzito, kwani dawa ya usingizi inapimwa kwa kilo na kubahatisha ni kuua. Mmoja anatia mafuta ya macho, kwa sababu paka wa dawa ile hulala macho wazi na jicho likikauka huumia. Mmoja anashika joto. Nilidhani Lamu hakuna atakayepata baridi. Paka aliyelala juu ya saruji hupoa haraka kuliko unavyodhani, masikio yanakuwa kama ya maiti, na hapo ndipo wengine hawaamki. Tukawafunga taulo na chupa za maji ya uvuguvugu zilizozungushiwa kitambaa, tukawalaza upande, tukawageuza.

Anayenyonyesha anapewa nafasi ya kwanza asubuhi na anarudi kwa wanawe jioni ileile akishasimama sawasawa. Wengine wanalala kwenye mitego yao chini ya kanga, majike zaidi ya madume. Usiku ule chumba kilinuka mkojo wa shume kiasi kwamba mwenye nyumba alihamia kwa dadake. Tumemlipia sabuni, na tutamlipia rangi ya ukuta.

Mmoja alikufa. Paka kijana, mweusi, mwembamba kuliko alivyoonekana kwenye picha. Daktari alisema mapafu hayakuwa mazima tangu kabla ya sindano. Tulimwambia bibi kabla hajasikia kwa watu. Alisema inna lillahi, akauliza kama tumemzika, tukamwambia tumemzika.

Agosti

Kurudisha ni rahisi kuliko yote. Mtego unawekwa palepale, mlango unafunguliwa kuelekea ukutani, asione bahari wala watu, naye hutoka kama risasi. Wa rangi tatu alirudi kwenye daka alasiri ileile kana kwamba alikuwa sokoni tu.

Majike wa soko karibu wote sasa wana sikio lililokatwa. Madume bado, na hatuna pupa nao. Dume mmoja asiyehasiwa anawatosha majike wote waliobaki, kwa hiyo kuhasi madume tisa kati ya kumi hakupunguzi uzazi kwa kiasi cha maana. Faida ya kuwahasi ni kupunguza kelele, mkojo na vidonda vya kupigana. Pesa ikiwa kidogo, jike kwanza.

Kuna duka moja lililotaka kutega sumu. Kijana wa dukani alituambia mwenyewe, kwa nia njema, kwamba tajiri wake amechoka na mkojo kwenye magunia ya unga. Tulikwenda kwa adabu, tukiwa na mzee wa barazani. Mzee hakuzungumza habari ya paka. Aliuliza magunia yake yapo chini ya boriti gani, na juu ya boriti huko panakaa nini usiku. Panya wa nyumba za mawe kila mtu anawajua. Halafu akauliza, paka aliyekula sumu akifia ndani ya dari, atakayepanda kumtoa ni nani? Mwenye duka alicheka. Tukamhasi shume wake wiki iliyofuata, bure, na mkojo umepungua ingawa haujaisha. Aliyezoea kutia alama kwa mkojo muda mrefu huendelea kidogo.

Maswali ya akina mama ni mazito zaidi. Mwenye mimba amfukuze paka nyumbani? Jibu la daktari tumelieneza mlango kwa mlango: ugonjwa wa toksoplasma upo kweli, unapita kwenye kinyesi cha paka, na kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla hakijawa hatari. Mwingine akizoe kila siku, au mwenyewe avae glavu na anawe kwa sabuni. Nyama iive, mboga zioshwe, kwa maana wengi huupata huko. Paka abaki.

Na kuumwa. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka yeyote, aliyekatwa sikio au asiyekatwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Jino la paka ni jembamba, linazama, juu panafunga na ndani panaoza. Kichaa hapa nchini huletwa zaidi na mbwa, na Kenya imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kukomesha vifo vyake, lakini dalili zikishaanza hakuna dawa, kwa hiyo hatubahatishi.

Septemba

Tumesimamisha mitego kwa ajili ya Maulidi. Mji umejaa wageni kutoka pwani nzima, vichochoro havipitiki, na kila nyumba inapika. Sahau mtego wakati wa pilau.

Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28, tutaitumia kuchanja paka wa majumbani ambao wenyewe wanawabeba mkononi. Watoto wa madrasa wameombwa walete kwenye vikapu vyenye kifuniko, si mikononi. Wakikutana na punda njiani tutakuwa na paka juu ya mikoko.

Yaliyo mbele kabla kaskazi halijaanza na wageni hawajarudi: kuzungumza na nyumba za wageni. Ombi ni moja. Anayetaka paka wazuri barazani kwake msimu wa watalii awafunge kizazi kwa gharama yake, na nyumba ikifungwa Aprili, mlinzi aachiwe pesa ya dagaa mpaka ifunguliwe. Wawili wamekubali. Mmoja amesema paka si wake, wanakuja wenyewe. Tunazo picha za paka hao wakila kwenye sahani zenye jina la nyumba yake, na tutakwenda tena.

Jaa la nyuma ya soko bado halijapata kifuniko. Wauza samaki wanataka ndoo moja ya matumbo yenye mfuniko kwa kila meza, na kijana wa kuimwaga baharini jioni maji yakitoka. Anayemlipa kijana huyo ndilo neno lililobaki. Kikao ni Ijumaa baada ya sala, kwenye daka la bibi, naye amesema kahawa ni juu yake lakini tuje na tende.